Daphrose Barampama (1959–2025): Mama Aliyeuliza Mara Tatu

Ndugu na jamaa, majirani wa Jabe na wa Kinanira, na nyinyi wa Giheta mliopanda basi tangu alfajiri, asanteni kwa kufika. Mimi ni Orlane, kitinda mimba wake. Nimepewa kusoma maisha ya mama yetu kwa sababu kaka zangu walisema mimi ndiye mwenye moyo mgumu. Wamekosea, lakini karatasi imeshafika mkononi mwangu, sasa nitafanya nini? Nisikilizeni tu.

Marehemu Daphrose Barampama alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 kwenye kolini ya Ruhanza, kilima cha wafuga nyuki, komine Giheta, katika eneo la Kirimiro. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Stanislas, mfuga nyuki, na mama Virginie, msusi wa vikapu. Katika hao saba amebaki mama mdogo Spéciose, yule pale mbele mwenye kitambaa cheupe. Yeye anasema dada yake alikuwa na masikio tangu utotoni. Alikuwa akitumwa sokoni Gitega na asali ya baba, na akirudi aliwaigiza wateja wote mmoja mmoja, huyu wa huku anavyobana maneno, yule wa kule anavyoyavuta, mpaka nyanya yetu anaacha kusuka kwa kucheka.

Alisoma shule ya msingi Giheta kuanzia mwaka 1966 hadi 1973. Darasa la sita alilirudia, na hakupenda litajwe. Mama, nisamehe, nimelitaja. Baadaye alikaa miaka mitatu kwa masista wa Gitega, akajifunza kushona na kupiga chapa. Mwezi Septemba 1976 alishuka Bujumbura kukaa kwa shangazi yake, mtaa wa Jabe. Hakujua neno hata moja la Kiswahili. Aliyemfundisha ni rafiki yake Mwanne, mama yetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa mtaa huo anayeuza chai na mandazi. Anasimulia mwenyewe kwamba siku ya kwanza mama alitaka kuomba chumvi akaomba mume, na mpaka anaondoka hakueleza iliwezekanaje.

Kazi yake ya kwanza aliipata tarehe 3 Aprili 1978. Kazi hiyo sisi watoto hatukuijua vizuri. Tulijua tu kwamba zamani mama alifanya kazi kwenye redio, na tukijisifu nayo mbele yake alikuwa anatukatiza, anatutuma maji. Kumbe alikuwa kwenye dirisha la kupokea matangazo ya vifo. Watu walitoka kila mahali kuja kutangaza maiti yao, na yeye aliandika kwenye karatasi jina la marehemu, siku ya mazishi na nani ajulishwe. Nyuma yake palikuwa na visanduku vya mbao, kila eneo na kisanduku chake: Mugamba, Kirimiro, Buyogoma, Moso, Imbo, Bweru, Bugesera. Kila eneo lilikuwa na saa yake ya kusomewa matangazo. Betri za redio zilikuwa adimu huko milimani, kwa hiyo watu walifungua redio saa yao ikifika, wakasikiliza wafu wao, wakafunga. Akimaliza na mtu mmoja aliita kwa sauti, “Suivant!”, na aliyefuata akasogea. Mwanne aliyeuza chai nje ya geti anasema ile “Suivant!” ilisikika mpaka barabarani.

Kwa masikio yale aliyozaliwa nayo, haikuchukua mwaka mama akaacha kuwauliza watu wanatoka wapi. Mtu akifungua mdomo kusalimu amahoro, karatasi imeshajua kisanduku chake. Wakubwa wake walimsifu kwa wepesi huo. Nitarudi hapo, maana hapo ndipo penyewe.

Aliacha kazi hiyo Februari 1982. Baada ya hapo alishona nguo, halafu mwaka 1985 akafungua meza ya vitenge katika soko la Jabe, na hiyo ndiyo kazi mliyomjua nayo. Nani hapa hakuwahi kununua kitenge kwake? Na nani aliondoka bila kuulizwa? Mteja anashika kitambaa, mama anauliza: we unatoka wapi? Mama yako anaishi wapi? Na kwenu, nani anakaa mbali? Maswali hayo matatu, ndiyo kitambaa kikatwe. Sisi tulikuwa tunaona haya mpaka tunajificha chini ya meza. Kuna miaka ambayo katika mji huu kumuuliza mtu anatoka wapi kulimfanya arudi nyuma hatua mbili. Wengine waliacha kitenge mezani wakaondoka. Baba alimkataza, Mwanne alimkataza, wapi! Alisema, “Mi sitaki kabila ya mutu. Mi nataka kujua mama yake anakaa wapi.”

Alifunga ndoa na baba yetu, Herménégilde Sabushimike, tarehe 4 Agosti 1984. Baba alikuwa fundi wa malori kwenye depo moja ya Zone Industrielle, mzaliwa wa Jabe, mtu wa Kiswahili toka asubuhi hadi jioni. Alipomwambia mama kwamba anampenda, mama alimuuliza maswali yake matatu. Baba akajibu kwamba yeye ni wa Jabe, mama yake anakaa nyuma ya msikiti, na hakuna jamaa yao wa mbali. Basi mama akatoka akaenda nyuma ya msikiti, akabisha hodi, akamwambia bibi yetu, “Samahani mama, nimekuja kuhakikisha kama unakaa hapa.” Bibi aliingia ndani akacheka mpaka akalala kitandani. Mungu aliwapa watoto watatu: Patrick mwaka 1986, Bonfils mwaka 1989, na mimi mwaka 1993. Baba alitutoka mwaka 2011.

Kwetu tuliongea Kiswahili cha baba. Kirundi nilichonacho mimi nilikipata kwa mama peke yake, jioni tukichambua maharage, na shuleni walinicheka, walisema naongea kama bibi wa mlimani. Nilimlaumu sana kwa hilo.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2021. Alianza kwa kuuza kitenge kimoja mara mbili, halafu akapotea njia ya kutoka sokoni kwenda nyumbani, njia aliyoipita miaka thelathini na sita. Februari 2022 daktari alituambia kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba dawa za kuuponya hakuna. Bonfils alimchukua kwake Kinanira. Mwaka 2023 alimsahau Patrick, pengine kwa kuwa Patrick anaishi Kanada na alimwona kwenye simu tu. Halafu akamsahau Bonfils aliyemlisha kila asubuhi. Mimi nilijipa moyo kwamba mimi mtoto wa kike hawezi kunisahau. Tarehe 11 Novemba mwaka jana, siku yangu ya kuzaliwa, aliniangalia nikimsuka nywele akaniuliza kama nimeshalipwa na wenye nyumba. Kufika Januari akanyamaza. Miezi ikapita hasemi zaidi ya ndiyo na apana.

Jumatatu ya tarehe 30 Juni mwaka huu alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali walimweka chumba cha wanawake wanne. Kitanda cha pili alikuwa bibi mmoja mgonjwa wa ini, na mwanawe wa kiume, Armel, alimlinda usiku na mchana, akilala juu ya mkeka. Asubuhi ya tatu Armel alitoka kununua uji, akarudi, akasalimu chumba kizima kwa Kirundi. Mama yetu, aliyekuwa hana sentensi toka Januari, alijiinua kwenye mto, akanyoosha kitenge chake kifuani, akasema kwa sauti ya kazini. Alisema kwa Kirundi, mimi nawawekea kwa Kiswahili chetu.

“We ni wa Moso. Sogea dirishani. Pole sana, kijana. Jina la marehemu?”

Jamani. Mama wa Armel alikuwa pale pale, macho wazi, anasikia. Armel uji ulimmwagikia miguuni. “Mama yangu mzima!” alisema. “Munamuua mama yangu na mdomo?” Mimi nilipiga magoti, nikaomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua. Muuguzi Candide alikuja mbio akavuta pazia katikati. Nyuma ya pazia mama akaendelea, “Muambie asilie, watu wako kwenye mustari. Mazishi ni lini?”

Toka siku hiyo hakunyamaza tena. Alikuwa amerudi dirishani mwake. Kila aliyeingia alipewa pole na eneo lake. Candide, mtoto wa mjini kabisa, aliambiwa ni wa Buyogoma. Akabisha, halafu akakumbuka kwamba amelelewa na bibi yake wa Buyogoma, akatoka nje kujifuta macho. Daktari aliyekuwa akituongelesha Kifaransa tu aliambiwa, “Huyu wa Bugesera anajificha.” Daktari alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Wagonjwa wa vyumba vingine waliletwa kwenye viti vya magurudumu waambiwe kwao. Wote aliwajua. Sisi watoto wake hakutujua.

Niseme ukweli mbele ya jeneza lake: nilimchukia yule Armel. Amekuja na amahoro yake moja, mama akamfungulia moyo. Mimi nilikuwa nimemwogesha miaka miwili. Nilimwekea picha, nikamwimbia, nikapika isombe, majani ya muhogo ya kwao, nikaipeleka ikiwa moto. Alikula, akashukuru, akaniuliza kama natafuta kazi ya kudumu.

Na kila jioni alianza kuhangaika, anapapasa shuka. “Karatasi ya Moso iko wapi? Nimeiweka vibaya. Nipe nirudishe.” Tulimpa karatasi, akaitupa. Tulimpa daftari, akalia. Ndipo Mwanne alipokuja kumwona, akasikia maneno hayo, akakaa chini kwenye sakafu. Akatuambia, “Muzazi wenu amebeba kitu miaka arobaini na ine, na ye hakutaka muisikie. Lakini sasa ameisema mwenyewe, mi sina tena siri.”

Ilikuwa Septemba 1981. Kijana mmoja alifika dirishani kutangaza kifo cha mdogo wake aliyefia hapa mjini. Aliongea kama watu wa Mugamba, maana alikuwa amechuma chai huko tangu utoto. Mama alimsikia, karatasi ikaenda kisanduku cha Mugamba. Hakumuuliza kitu. Kumbe mama yao alikuwa Moso. Saa ya Moso ilipofika, yule mama alifungua redio yake, akasikiliza wafu wa watu wengine, akafunga. Wiki mbili baadaye aliteremka mjini na kikapu cha viazi vitamu kumtembelea mwanawe, akaonyeshwa kaburi. Yule kaka mtu akamleta dirishani. Mwanne alikuwepo. Anasema yule mama hakupiga kelele, hakutukana. Alimwambia tu mama yetu, “Mwanangu, kuuliza kungekuchukua muda gani?” Akaacha kikapu pale, akaondoka. Mama yetu alirudi kazini siku iliyofuata, akafungua dirisha, akaanza kuuliza kila mtu mara tatu. Mstari ukawa mrefu, wakubwa wakakasirika, na baada ya miezi mitano akaacha kazi.

Basi ndiyo yale maswali yaliyotuaibisha sokoni.

Tulitaka kumtafuta kijana huyo. Kwa jina gani? Mwanne hakulijua, na mama hakuwa na jina tena, alikuwa na sauti tu. Nikapata wazo. Nilimfuata Armel kwenye korido nikamwomba ajifanye ndiye. “We ni wa Moso,” nilimwambia. “Muambie tu tangazo lilifika. Muambie mama yako aliwahi mazishi. Dakika moja.” “Dada,” akasema, “mama yangu yuko na siku chache. Mi sitafanya mazoezi ya kufiwa.” Nilirudi kukaa, mama akipapasa shuka.

Mama wa Armel alifariki Jumanne tarehe 22 Julai, saa nne asubuhi. Saa nane Armel alirudi kuchukua mkeka na sufuria. Mama alimsikia akiagana na Candide. “Wa Moso,” aliita. “Pole sana. Jina la marehemu?” Mimi nilifunga macho, nikangoja ama kelele, ama mlango kupigwa. Armel aliweka sufuria chini, akaja akasimama mbele ya kitanda, mikono nyuma, akataja jina la mama yake.

Mama alimuuliza yote. Kolini, komine, siku ya mazishi. Mimi niliandika kwenye daftari maana vidole vyake havikushika tena kalamu. Armel alijibu vizuri mpaka swali la mwisho. “Kwenu nani anakaa mbali?” Akasema hakuna. Mama akasema, “Fikiri. Mustari utangoja.” Armel akawahesabu kwa vidole, halafu akajishika kichwa. Dada yake mkubwa! Ameolewa Kigoma, hana simu inayoshika, na katika kulia kwao hakuna aliyemkumbuka. “Huyo ndiye wa kwanza,” mama alisema. “Anza na wa mbali. Wa karibu watasikia kilio wenyewe.” Nililipeleka tangazo redioni mimi mwenyewe jioni ile, na Armel akapiga simu kwa jirani wa jirani wa dada yake. Dada alifika zikiwa zimebaki saa mbili mazishi yaanze. Nilimwambia mama. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia, “Vizuri. Lakini karatasi ya Moso bado.” Hakuponywa na hilo. Nilidhani ataponywa.

Mwezi wa Agosti mapafu yake yalijaa maji. Siku zake za mwisho sauti yake ilikuwa ndogo. Jumatano tarehe 13, saa kumi alasiri, tulikuwa wawili tu. Aligeuka akaniona nalia. Akaniongelesha Kirundi, na mimi, ambaye miaka yote nilimjibu kwa Kiswahili, sijui kwa nini nilimjibu kwa Kirundi.

“Pole, mwanangu. Jina la marehemu?”

“Hakuna bado,” nilisema.

Alikunja uso, akasogeza sikio. “Sema tena.”

“Nimesema hakuna bado.”

“Unatoka wapi?”

“Jabe.”

“Apana. We ulizaliwa Jabe, lakini hii sauti si ya Jabe.” Alifunga macho, akasikiliza kama nilikuwa bado naongea. “Mama yako ni wa Kirimiro. Giheta. Ruhanza, huko kwa wafuga nyuki. Nasikia kabisa. Anaitwa nani?”

“Daphrose.”

“Namujua?”

“Unamjua.”

“Na anakaa wapi?”

“Yuko hapa. Niko naye hapa hapa.”

Alifungua macho, akaniangalia kwa huruma, namna alivyowaangalia watu waliokosea dirisha. “Mutoto, kama mama yako uko naye, unakuja kufanya nini huku? Nenda ukakae naye.” Akanyanyua kidole kutoka kwenye shuka. “Suivant!”

Basi nikakaa naye. Ile “Suivant!” ndiyo neno lake la mwisho. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, na Bonfils na Mwanne miguuni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi mitano kamili.

Ameacha watu, na kama alivyotufundisha tunaanza na wa mbali. Patrick, mwanawe wa kwanza, yuko Kanada, karatasi zake hazikumruhusu kusafiri, anatusikiliza hivi sasa kwenye simu iliyoko mkononi mwa Bonfils. Patrick, unatusikia? Elsa, mjukuu wa marehemu, yuko naye huko, hajawahi kumwona bibi yake. Hapa karibu yupo Bonfils na mkewe, yupo mdogo wake Spéciose, yupo rafiki yake Mwanne, na nipo mimi, Orlane, mwenye sauti ya Ruhanza.

Limebaki tangazo moja, nimeomba liandikwe kwenye kitabu hiki cha mazishi na lisomwe leo redioni, saa zote, kwa maeneo yote. Linamhusu kijana aliyekuja kutangaza kifo cha mdogo wake Septemba 1981, aliyeongea kama mtu wa Mugamba na mama yake akikaa Moso. Jina hatuna. Kama yu hai, leo ni mzee. Yeyote anayemjua amwambie kwamba Daphrose wa dirishani amefariki, kwamba karatasi yao hakuisahau hata alipotusahau sisi, na kwamba anazikwa leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti, saa nane. Tutangoja kidogo kabla ya kuweka udongo, pengine atakuja.

Mama, pumzika kwa amani. Tumeuliza mara tatu.